Kachupa Halikuwa Jina Lake

Nakumbuka jioni moja ya enzi za wakoloni, mjini Elisabethville, mwanangu, na mpaka leo sijui kama ilikuwa ya kucheka au ya kulia. Umeniambia unatengeneza sehemu ya nne ya filamu yako, hadithi ileile, kwa kuwa watu wanaitaka. Basi kaa kidogo.

Babu yako Ilunga, mume wangu, alikuwa fundi wa reli, na pombe hakuigusa hata harusini. Padri mmoja mwenye kamera alimwona akichekesha wenzake, akamfanya mlevi wa sinema aitwaye Kachupa. Katika filamu ya kwanza Kachupa alianguka na baiskeli kwenye tope, kambi nzima ya wafanyakazi wa reli ikavunjika mbavu. Mwaka uliofuata akaanguka tena. Kisha tena, na kaptula ileile! Ilunga alikuwa na hadithi yake mwenyewe: mama anashuka treni kutoka kaskazini, anamtafuta mwanawe aliyekuja kufanya kazi mjini, na hakuna anayemjua. Akampelekea Padri ili aipige picha.

"Iko muzuri," Padri akamjibu, "lakini bantu banapenda Kachupa."

Sasa sikiliza. Mama mkwe wangu akaja kweli, kwa treni, bila kutuarifu. Sisi tulikuwa tumeshatangulia uwanjani kwenye sinema. Akapita nyumba kwa nyumba: "Minatafuta mutoto wangu, Ilunga." Majirani waliobaki wakatikisa vichwa. Jina lenyewe walikuwa wamelisahau, mwanangu! Mwishowe mmoja akaelewa.

"Aa, Kachupa! Ule mulevi! Twende, utamuona sasa hivi."

Akafikishwa mbele ya kitambaa cheupe cha kuonyeshea sinema wakati mwanawe, ndani ya picha, anaanguka topeni. Alikuwa hajawahi kuona sinema. Akapenya katikati ya watu, akaanza kukifuta kitambaa kwa kitenge chake, kama anayemfuta mwanawe tope, analia: "Simama, Ilunga! Simama, bantu banakucheka!"

Watu wakacheka kuliko siku zote. Walidhani ni kichekesho kipya. Mdomo wangu nao ukacheka, moyo ukauma, sikujielewa. Ilunga akainuka kwenye benchi, akaenda kumshika mama yake.

Kesho yake akamwambia Padri kwamba amemchoka Kachupa. Padri hakugombana naye. Alitafuta mtu mwingine, akamvika kaptula ileile, na watu wakacheka vilevile. Ilunga alifurahi, akaumia, akafurahi tena. Mimi sikujua tumeshinda au tumeshindwa. Ile hadithi ya mama na treni haikupigwa picha kamwe.

Mwanangu, sikukatazi kuchekesha watu. Lakini wanakitaka hicho kwa sababu ndicho pekee ulichowaonyesha. Hiyo sehemu ya nne iache kwanza. Tengeneza ile hadithi yako mwenyewe uliyonisimulia jikoni ukaikatiza katikati. Huenda wasiipende, sijui. Mungu ayabariki macho yako na mikono yako, na siku mama yako atakapokutafuta mjini, mtu wa kwanza atakayemuuliza awe analijua jina lako.