Mapera Yaliyotobolewa

Wateja walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya zahanati, na aliuza matunda yasiyopigwa dawa: madogo, yenye makovu, ghali kuliko ya sokoni. Kila mnunuzi alikuwa na sababu yake. Muuguzi mjamzito alimnunulia aliye tumboni. Fundi viatu alidai anatafuta utamu wa utotoni. Mke wa mwalimu alikiri kwamba ananunua kwa kuwa jirani yake ananunua, na Shangazi akacheka hadi akashika mbavu.

Mzee mmoja tu hakutaja sababu. Alikuja amevaa shati lililonyooshwa pasi, akachagua mapera yaliyotobolewa na funza, yale ambayo Shangazi angewapa mbuzi. Kila pera aliliweka sikioni, akafumba macho. Mengine aliyarudisha polepole, kama anayemfunika maiti uso.

Siku moja uvumilivu ulimwisha Shangazi. "Mzee wangu, unasikiliza nini?"

"Kama kuna mtu ndani."

Mzee akamweleza kwamba ujana wake wote aliumalizia kwenye shamba la matunda, akipuliza dawa. Asubuhi moja alivua barakoa, akakuta shamba zima limenyamaza. Hapakuwa na nyuki, ndege wala nyenje. Miti ilielemewa na matunda yanayong'aa, na hata inzi hakuyataka. Aliita jina lake mwenyewe ili asikie chochote. Akaacha kazi siku hiyohiyo, lakini ule ukimya ulimfuata hadi nyumbani.

Kisha mzee akaadimika. Shangazi akajaza kikapu, akaulizia njia hadi kwake. Binti yake alifungua mlango, na harufu kali ya dawa ya wadudu ikatangulia salamu. Alieleza kwa aibu kwamba chumba cha baba kilijaa mapera yaliyooza, inzi wakivuma usiku na mchana, majirani wakisema. Baba alipokwenda kuoga, yeye binti akayatupa na kupuliza kila pembe.

"Siku ya tatu leo hajatamka neno wala kula, Shangazi. Nilidhani namsaidia."

Mzee alikuwa kitandani, sikio ameligandamiza ukutani. Sakafuni inzi walilala miguu juu. Chumba kilikuwa kimya hivi kwamba Shangazi alisikia mate yake yakishuka kooni.

Alitoa kikapuni pera lenye matundu mengi kuliko yote, akalishika sikioni mwa mzee. Wakangoja. Binti alisimama mlangoni.

"Yupo," mzee akasema.

Binti akaketi sakafuni, akalia, akamwomba radhi. Baba akamshika kichwa, akamtuma afungue madirisha. Walikaa watatu, jua likihama ukutani, mpaka inzi mmoja akaingia na kutua juu ya kidole cha mzee. Hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Ndipo mzee akaomba chakula.