Zamu ya Namba Nne

Mwalimu hakuweza kugeuza shingo. Miaka mingi ya kufundisha michezo ilimwachia mgongo uliokakamaa kama ubao, na ndiyo sababu matembezi yao ya kila Jumamosi yalikuwa na hesabu. Njia ya miguu iliyopita kando ya ukuta wa kiwanda ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja mmoja. Kila wakifika kwenye kona, Mwalimu aliinua mkono, akatamka "Moja!" huku anatazama mbele, na waliokuwa nyuma wakaitikia kwa zamu. Akisikia "sita", anashusha mkono, safari inaendelea.

Mbili alikuwa dereva mstaafu waliyemwita Breki, kwa sababu kila akikumbuka kisa husimama ghafla katikati ya njia. Tatu alikuwa Nesi. Nne alikuwa dada yake Bi Fundi. Tano ni Bi Fundi mwenyewe, mshona nguo, na sita ni Kibonge, mwoka mikate, ambaye alijiunga ili apungue na hadi leo hajapungua hata kifungo.

Dada mtu hakuwahi kusema "nne" ikaishia hapo. "Nne, na njaa!" ndivyo alivyoitikia, kila kona, mwaka hadi mwaka, na kila kona walicheka kama hawajawahi kuisikia.

Mungu alimchukua kabla msimu wa joto haujaanza. Nguo zake ziligawiwa. Namba yake ya simu sasa anapokea mwanamume mwenye sauti ya kukoroma. Hata kwenye maombi ya jumuiya jina lake lilishaondolewa, maana wapo marehemu wapya. Mahali pekee ambapo bado alikuwa na zamu ni kwenye hesabu ya Jumamosi. Baada ya "tatu" walinyamaza kiasi cha pumzi moja, kisha Bi Fundi akasema "tano". Aliwaomba hivyo siku ya kwanza baada ya mazishi, na hakuna aliyethubutu kukataa.

Jumamosi hiyo kulikuwa na fukuto la kumtoa mtu roho. Tangu asubuhi Bi Fundi alikuwa amepiga pasi suruali za sare, kitambaa kikimganda vidoleni, jasho likimdondokea kwenye mikunjo aliyokwisha kuinyoosha. Alimwomba Mungu ampe subira. Naona alipewa joto zaidi. Saa kumi aliifunika cherehani, akavaa kandambili za ngozi na kwenda, maana angalau kule kuna watu wa kucheka nao.

Alifika akakuta Mwalimu ana neno.

"Bi Fundi, usinielewe vibaya. Nafikiri tusogeze namba. Wewe uwe nne, Kibonge awe tano."

"Nani kasema?"

"Miezi mitatu sasa, dada yangu. Tuko watano tunahesabu sita."

"Siku mkisogeza, mimi nabaki nyumbani na cherehani yangu. Cherehani haijui hesabu."

"Jamani, tutembee," alisema Nesi. "Jua lenyewe halitaki mjadala."

Wakatembea. Hewa ilikuwa kama taulo bichi lililowekwa usoni. Breki alisimama mara mbili kusimulia gari lililochemka, Nesi akamgonga mgongoni mara mbili. Bi Fundi hakucheka. Alikuwa anajibizana na Mwalimu kichwani, na kichwani alikuwa anashinda.

Nusu ya njia, mkanda wa kandambili ukakatika.

"Tangulia, nakuja," alimwambia Kibonge, akakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Sindano yenye uzi huwa haikosi kwenye ukosi wa nguo yake. Lakini ngozi ilikuwa ngumu na vidole vimelowa. Sindano iliteleza, ikamchoma, ikateleza tena. Alipoinua macho, njia ilikuwa tupu.

Hakujali. Kona ilikuwa karibu, watahesabu, watamkosa. Akasikia kweli, ng'ambo ya ukuta.

"Moja!"

"Mbili!"

"Tatu!"

Kimya. Bi Fundi alisimama na kandambili mkononi, akingoja wastuke.

"Sita!" ilisema sauti ya Kibonge, imechoka. Kisha ikasikika miguu ikiendelea.

Angeweza kupiga kelele, hakupiga. Akakaa tena pale kwenye ngazi, mguu mmoja wazi, jasho limemjaa machoni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimkasirikia dada yake. "Umeona?" alisema kwa sauti. "Umeona ulichonifanyia?"

Walirudi baada ya kama nusu saa, wakikimbia namna ya watu wasioweza kukimbia. Walikuwa wamefika kwenye bomba, Nesi akagawa maji, chupa moja ikabaki mkononi.

"Nisamehe, dada," Kibonge alisema akihema. "Nilidhani umenifuata nyuma. Nilisikia kimya nikadhani umeshasema. Siku hizi hiyo tano unaisema kama unasali. Hatuisikii kabisa, tunakisia tu."

"Mnakisia?"

Breki alitazama viatu vyake. Nesi akampa Bi Fundi ile chupa, maji yake yameshapata joto, naye akayanywa yote bila kushukuru.

Mwalimu hakusema lolote kuhusu namba, na hilo lilimuudhi Bi Fundi kuliko kama angesema. Angesema, angepata wa kugombana naye.

Wakajipanga upya. Kandambili ilishonwa vibaya, ilimkwaruza kila hatua. Kwenye kona Mwalimu aliinua mkono.

"Moja!"

"Mbili!"

"Tatu!"

Nesi alishusha kichwa, akiiacha ile pumzi ipite kama walivyozoea.

"Nne!" alisema Bi Fundi, kwa ukali, kama anamjibu mteja mkorofi.

Mkono wa Mwalimu ulibaki juu. Nyuma, Kibonge alichelewa kidogo, kisha akajitahidi kuchangamsha watu.

"Tano! Na nj—"

"Koma!" Bi Fundi aligeuka mzima mzima. "Hiyo si yako, Kibonge. Sema namba yako tu."

"Samahani, dada."

"Sema."

"Tano."

Mwalimu akashusha mkono. Hesabu ilikuwa imeishia tano nao walikuwa watano, na ilimkera Bi Fundi jinsi ilivyokuwa sawa. Akafuta jasho kwa kiganja, akamfuata Nesi.