Shamba la Shangazi

Kwetu kila shamba lilikuwa na jina lake. Lile la karanga, linaloshuka hadi mbugani, baba aliliita shamba la shangazi, na mama naye akaliita hivyo. Nilipotumwa kupalilia niliambiwa, "Nenda kwa shangazi yako," ilhali mwenyewe sikuwa nimemtia machoni tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Alikuwa Morogoro, kwenye mkonge, alikomfuata mumewe aliyejiandikisha manamba, kibarua wa mkataba. Enzi hizo za Mwingereza vijana wengi wa kwetu walikwenda huko.

Alirudi peke yake. Tulimpokea stesheni ya Bukene na sanduku lake moja la bati, kifua kikikohoa vumbi la singa, zile nyuzi za mkonge. Mume alikuwa amekufa. Miaka yote ile shangazi alianika singa juani, lakini kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi na mshahara, kilikuwa cha mume, na kazi ya mikono yake ikachukuliwa kuwa msaada wa mke tu. Mume alipozikwa, akaambiwa ahame kambini, nyumba inatakiwa. 

Siku ya tatu mama akamtania, kama mawifi wanavyotaniana, "Wifi, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Tulicheka. Shangazi hakucheka.

"Jembe nipe," alisema, "lakini mimi si mgeni. Nataka shamba langu."

Baba aliendelea kutafuna muda mrefu kuliko tonge lenyewe lilivyohitaji. Kisha akasema, "Dada, mambo ya ardhi ni ya mwanangwa."

Mwanangwa ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji na mgawaji wa mashamba. Kesho yake tukaenda kwake, mimi nimebeba kikapu cha karanga za kuchemsha, maana kwa mkubwa huendi mikono mitupu. Shangazi alipiga magoti na kupiga makofi ya heshima kama wanawake wa kwetu wafanyavyo. Akaeleza kwamba pori lile alilifyeka yeye na mumewe, na walipoondoka alimwachia mdogo wake amtunzie.

Mwanangwa akamgeukia baba. Baba yangu, mtu ambaye hakuwahi kunidanganya hata kwa mzaha, alisema kwamba pori lilikuwa limerudi, kwamba yeye ndiye aliyelifyeka upya. Wazee wawili waliokuwapo wakaitikia kwa vichwa. Ardhi ni ya anayeilima, walisema.

Mwanangwa alikuwa anamenya karanga. Nadhani alitaka kupoza mambo, ndipo akaniuliza, "Tamu hizi. Mmezing'oa wapi, mwanangu?"

"Shamba la shangazi," nikajibu.

Sikukusudia kitu. Hilo ndilo jina nililolijua. Baba alinitazama, kisha akatazama miguu yake. Shangazi alinigeukia akatabasamu, mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni, nami kwa utoto wangu nikajua tumeshinda.

Mwanangwa akacheka. "Hilo ni jina tu. Hata kile kisima cha njia ya misafara tunakiita cha Mwarabu. Mwarabu mwenyewe yuko wapi?" Wazee wakacheka naye. Alipomaliza kucheka akatamka hukumu kwa upole, kana kwamba anatoa zawadi: mwanamke asiye na mume hulima chini ya ndugu yake wa kiume, na ndugu hatamnyima chakula.

Njia nzima baba hakunigombeza. Afadhali angenipiga. Nilimchukia siku ile, na jioni nikala naye sahani moja, kwa sababu njaa haina aibu. Kweli niliyoisema mbele ya wazee haikumpatia shangazi hata tuta moja.

Mvua za kwanza ziliponyesha tulimkuta amekwisha fika shambani. Alisimama wima mwanzo wa tuta la kwanza, jembe begani, haligusi udongo, akingoja kupimiwa kazi kama walivyozoeshwa kule mkongeni. Baba alipokaribia, shangazi, aliyemlea mgongoni mwake, akamwuliza bila hasira yoyote:

"Mdogo wangu, ngwe yangu ya leo inaishia wapi?"

Baba akahesabu hatua, akachomeka kijiti.