Pikapu ya Verlyn na Chumvi ya Pasaka

“Pasaka nakuja hapa na pikapu ya marehemu baba, naiendesha mwenyewe, na atakayeona doa la kutu, nitalilamba mbele ya mchungaji!”

Verlyn Skogmo aliyasema hayo Novemba, kwenye karamu ya samaki wa magadi, yule mkavu anayelowekwa magadi hadi alainike, ukumbi wa kanisa umejaa, siagi ikimtiririka kidevuni. Watu wa Halvik hatupigi makofi ovyo. Tulisema “haya” tukaendelea kula viazi.

Pikapu yenyewe ni ya mwaka 1953. Miaka thelathini ililala nyuma ya ghala, kuku wakitaga ndani. Verlyn akaiburuta hadi kwenye banda la gari nyumbani kwake, na gari la mkewe Arlys likahamia nje kwenye theluji.

Sasa, kwetu Minnesota gari halilali nje Januari bila kuchomekwa kwenye umeme, ili injini ipate joto usiku kucha. Mtoto wa chekechea anajua. Verlyn naye alijua, ila alikuwa na hita moja na soketi moja, na alitaka milango ya pikapu iliyopakwa rangi ikauke. Akachomoa waya wa mkewe.

Arlys ni mpishi wa shule, huingia kazini saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi ile gari lilikataa kuwaka, gumu kama jiwe la kusagia. Wanafunzi mia mbili walipewa maziwa baridi na biskuti, na yeye akarudi jioni kwa lifti, kope zimeganda.

“Rangi imekauka vizuri, Mama,” Verlyn akamwambia. Ndiyo pole aliyompa.

Arlys hakupaza sauti. Angepaza, mumewe angekuwa na nafuu. “Pasaka, Verlyn. Ulisema mwenyewe kanisani. Ikitoka hapa ukiiendesha, banda lako. Isipotoka hivyo, gari langu linaingia, na mimi sichimbi theluji tena mpaka nizikwe.”

“Utaona, mwanamke wewe!”

“Macho ninayo.”

Basi Verlyn akasugua kutu hadi Machi. Majirani walipita na vikombe vya kahawa, wakatazama, wakaondoka. Nimpe haki yake: injini iliwaka. Jumapili ya Pasaka ilinguruma mtaa mzima ukasikia, nyekundu inang’aa kama tufaha la dukani.

Akafungua mlango wa banda. Akasimama.

Usiku theluji ilianguka, na lori la wilaya lilikwishapita kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu. Barabara ilikuwa nyeupe kutoka kwake hadi kanisani. Chumvi hula chuma, ndiyo maana hapa mwenye gari la zamani huliamsha Mei, mvua ikishaosha lami. Verlyn mwenyewe kila mwaka huwahubiria wenzake hilo. Ni yeye pekee aliyechagua Pasaka, kwa kuwa Pasaka ina watazamaji.

Akampigia simu Duane, mwenye trela.

“Maili moja tu, bwana,” Duane akamwambia. “Endesha, kisha uioshe.”

“Wewe funga mnyororo, acha maneno.”

Wakaivuta juu, wakaifunika blanketi tatu, mojawapo ni ile waliyoshonewa Arlys na Verlyn siku ya harusi. Arlys alisema hatakwenda ibadani, anaangalia nyama ya nguruwe isiungue kwenye oveni.

Kanisani tuliizunguka kimyakimya. Bibi Orpha, miaka tisini na moja, ndiye asiye na haya. “Verlyn, mbona umemleta maiti? Nani kafa?”

“Ni pikapu, Bibi! Naikinga na chumvi.”

“Ahaa. Na aliyesema ataiendesha, yeye yuko wapi?”

Verlyn na Duane waliporudi nyumbani, mlango wa banda ulikuwa umefungwa. Verlyn akauinua. Ndani, gari la Arlys, limechomekwa kwenye soketi ile ile, ingawa baridi ilikuwa imeshapungua.

“Arlys! Pikapu ilitoka!”

“Ilitoka imebebwa,” Arlys akajibu kutoka jikoni. “Nawa mikono, chakula tayari. Duane, karibu na wewe.”

Jumatatu Verlyn alikuwa kwenye duka la vyuma, anauliza bei ya turubai la kufunika gari linalolala nje. Kubwa, lenye pete za kamba: dola arobaini na tisa.