Ukuta wa Mara Moja

Mpaka leo nikipita upande wa Kanyangi nikauona ule ukuta, damu inanichemka. Umesimama katikati ya mto, saruji safi kabisa, na nyuma yake ni matope. Matope matupu, jameni! Mbuzi akiingia humo anatolewa kwa kamba.

Mto wetu ni wa mchanga. Mvua ya Novemba ikinyesha maji yanapita juu siku chache, halafu yanazama mchangani na kukaa humo. Unachimba shimo, unangoja, unateka kwa kata. Mama yangu hakukanyaga darasa hata siku moja, lakini mto aliujua. Alijua mafuriko huangusha kizito kwanza, kokoto kisha mchanga mnene, na matope kwa sababu ni mepesi yanaenda zake na maji. Penye mchanga mnene pana maji; penye matope hupati hata kikombe.

Miaka mingi baadaye kina mama wa kanisa walinipeleka Malindi. Wenzangu wakashangaa bahari, mimi nikainama kuangalia mchanga. Wimbi lilikuwa linafanya kazi ile ile, linaacha kizito na kuondoka na chepesi. Na nusu ya mchanga ule ulitoka huku kwetu juu, mito imeubeba! Mama angewafundisha walimu wa jiografia.

Sasa sikiliza upuuzi uliofanyika. Miaka ya sabini mwethya wetu, yaani kikundi cha kina mama cha kusaidiana kazi, kiliamua kujenga ukuta wa kuzuia mchanga hapo karibu na nyumbani, penye mchanga haba usioweka maji. Tulikuwa tunateka mto mkubwa, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, mtungi mgongoni na ukanda kwenye kipaji cha uso. Mgongo wa mama ulikuwa umeanza kumkataa. Ukuta ule ulikuwa tumaini lake.

Akaja bwana mmoja wa ofisini, tai shingoni, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Akatangaza kwamba ukuta utainuliwa mara moja, kimo cha mtu, kwa sababu wageni wanakuja kuufungua. Kina mama wakaguna. Mama akasimama. Kiswahili hakukijua, na mimi nilikuwa likizo kutoka sekondari, basi nikaambiwa nitafsiri.

“Mwambie,” mama akasema kwa Kikamba, “mwaka huu ukuta uishie magotini. Mvua iujaze mchanga, ndipo tuongeze. Tukiziba mto wote kwa siku moja maji yatasimama, na maji yakisimama yanatua matope.”

Nikamwambia. Yule bwana akatabasamu, akasema, “Asante sana, mama, tuko pamoja,” akaangalia saa.

Tulibeba mawe mpaka ngozi ya mabega ikatoka. Wageni wakaja, wakala mbuzi wetu, wakapiga hotuba. Novemba maji yakajaa nyuma ya ukuta, watu wakacheza. Yalipokauka mama akachimba mpaka mkono ukazama hadi kwapani. Matope. Alinawa, akachukua mtungi, akaenda mto mkubwa.

Alienda hivyo miaka kumi na kitu. Kila akirudi, akitua mtungi, anamtukana yule bwana. “Mtu ameambiwa kwa mdomo, anacheka!” Na mimi namuunga mkono, tena kwa sauti kubwa kuliko yake. Watu wa vyeti! Watu wa tai! Nimewasema sokoni, nimewasema kanisani, sijachoka.

Mwaka ambao mgongo ulimlaza kabisa, nikiwa namnywesha uji, aliniuliza, “Siku ile, ulipomwambia ukuta uishie magotini, alijibu nini hasa?”

Uji ulinipoa mkononi. Kwa sababu sikumwambia hivyo. Niliona aibu, haki ya Mungu, mama yangu miguu mitupu na udongo kwenye leso, eti anamfundisha mtu wa tai habari za matope. Nilichomwambia yule bwana ni, “Mama anashukuru sana.”

“Alisema wewe hujui kitu,” nikamjibu mama.

Akageuza uso akaangalia ukuta wa nyumba. “Basi alinidharau.”

“Ndiyo, mama,” nikasema. “Alikudharau.”