Nilimkana Mke Wangu Migori ili Nibaki Mkenya

Nilikosa mimi. Msinitafutie mtu wa kunisaidia kuubeba mzigo huu: si ng'ombe, si baba mkwe, si serikali mbili zilizopitisha mstari katikati ya ziwa letu. Nilidanganya mchana kweupe, nimevaa tai, mkono wa kulia juu, na uongo wangu ukapigwa muhuri.

Uongo wa kawaida huchakaa, jamani. Uliopigwa muhuri huzaa!

Sikiza, wewe unayesoma. Nakusimulia kama ninavyomsimulia rafiki ambaye hataninyima kiti hata akinicheka. Na ucheke. Ninastahili.

Mimi ni mtu wa Kosele. Miaka michache baada ya Uhuru nilipata ukarani katika kiwanda cha kuchambua pamba, Homa Bay. Nilikuwa na baisikeli yenye taa, suruali za kupigwa pasi, na maoni juu ya kila kitu. Ah, maoni! Nilisema mtu aliyesoma haoi kwa kuswaga ng'ombe kama mchungaji. Siku moja barazani nilimwambia chifu wetu, mbele ya watu, kwamba kofia yake imesoma kuliko kichwa chake. Watu walicheka. Chifu hakucheka. Alinitazama tu, kama mtu anayeweka akiba.

Anyango nilimkuta Muhuru Bay, nilikokuwa nimetumwa kukagua ghala la pamba. Alikuwa ameinama juu ya omena walioanikwa, akiwageuza taratibu, na jua limewawakia hata ungedhani ziwa limevua vito vyake vyote na kumtandikia miguuni.

"Unatazama samaki au unanitazama mimi?" aliniuliza bila kuinua uso.

"Natazama tu."

"Basi shika ufagio, utazame ukifanya kazi."

Nilishika ufagio, tai yangu ikiwa shingoni. Ndivyo nilivyopotea.

Kwao ni ng'ambo ya mpaka, karibu na Shirati, upande wa Tanganyika, ambayo tayari iliitwa Tanzania ila ndimi zetu zilikuwa hazijazoea. Tulizungumza Dholuo, lugha moja. Nyimbo za kanisani zilikuwa zile zile, hata majina ya wafu wetu yalifanana. Nani angeniambia kwamba mmoja wetu ni mgeni kwa mwenzake?

Nilikwenda kwa baba yake. Mzee alinipa kiti, akanipa uji, akanipa na sheria.

"Kijana, tuma mshenga, kisha lete ng'ombe. Ng'ombe hawaulizwi pasi mpakani."

"Baba, dunia imebadilika. Mimi nitaleta cheti cha serikali."

"Cheti kinakamuliwa?"

Wanawe walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi, niliyezoea kuwacheka watu, sikujua kuchekwa kunachoma hivyo. Nikaapa moyoni kwamba nitamwoa binti yao bila wao, kwa sheria, na muhuri huo wataulamba!

"Baba atakuja kunichukua," Anyango aliniambia.

"Akija atakuta serikali imekaa mlangoni."

Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Aliniamini kwa sababu nilisema vizuri.

Tukaenda Musoma. Karani wa ndoa alikuwa mtu mpole, mwenye miwani.

"Wewe ni raia wa nchi gani?"

"Mimi ni Mjaluo."

"Hiyo si nchi, bwana."

"Haya, Kenya."

"Basi wewe ni mgeni. Hakuna ubaya, wageni wanaoa hapa. Lete barua ya afisa wa wilaya yako inayosema huna mke mwingine. Kisha tangazo la ndoa litakaa ubaoni wiki tatu, na asipopinga mtu, nitawaoza."

"Mgeni! Babu yangu alivua maji haya haya!"

"Babu yako akitaka kuoa, aje. Yeye hatumwombi barua."

Angalieni jinsi mlango ulivyokuwa wazi! Barua moja tu. Lakini barua hiyo ingepitia kwa nani? Afisa wa wilaya angemwuliza chifu wa kwetu. Na chifu, mwenye kofia iliyosoma, angeniita barazani, angenisimamisha juani, angemwita baba yangu aulize mahari imefika wapi. Nilimwona akitabasamu kabla hata sijaondoka Musoma. Nikaona heri niape uongo kuliko kumwomba chifu yule radhi.

Radhi, ndugu zangu! Neno moja tu, na lisingenigharimu hata jasho.

Siku chache baadaye tuliingia ofisi nyingine, upande ule ule wa mpaka. Nilipoulizwa kwetu ni wapi, nilitaja kijiji cha watu wa ukoo wetu, huko huko Tanzania, ambako nilikuwa nimefika mara moja tu, kwa matanga. Mchuuzi mmoja wa samaki, niliyemnunulia chai asubuhi ile, akaapa kwamba ananijua tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Sikuombwa barua yoyote. Mwenyeji haombwi. Tangazo lilikaa ubaoni siku zake zote, na nani angepinga? Kwetu hawakulijua, na kule hawakunijua mimi.

Anyango alinivuta mkono wa koti. "Kwa nini umesema kwenu ni pale?"

"Ni maneno ya ofisini tu."

Aliuachia mkono wa koti. Siku ya ndoa alivaa gauni jeupe aliloazima kwa binamu yake, na alipotia sahihi ulimi ulimchungulia mdomoni kama wa mtoto wa shule. Ningeishi ndani ya dakika ile, kama nisingekuwa nimeijenga juu ya tope.

Kosele nilirudi kama mshindi. Nilikitia cheti katika fremu ya kioo, nikakitundika ukutani, nikawaita wenzangu wa kiwandani wakione. Mama alipika, lakini hakuimba. Baba mdogo alikisogelea, akakitazama kama mtu anayetazama picha ya chakula.

"Omera, ndugu yangu," akaniambia, "wewe hujaoa. Umeazima."

Nilicheka! Nilicheka kwa sauti, nikamweleza maana ya karne hii.

Kabla pamba ya msimu ule haijapasuka, baba yake Anyango akaja na wanawe wawili. Nilikuwa kazini. Kwa mila yetu, binti ambaye ng'ombe wake hawajafika anaweza kurudishwa kwao, na hakuna atakayepiga mayowe. Hata mama yangu hakupiga. Aliwapa maji ya kunywa.

Niliporuka kwenye baisikeli na kufika nyumbani, walikuwa wameondoka. Nikasikia wamelala kwa shangazi yao Migori kabla ya kuvuka. Nikakikwanyua cheti ukutani na fremu yake, nikakipakata hadi Migori, nikawashtaki kwa afisa wa serikali: wameniibia mke wa halali!

Afisa aliwaita wote. Watu walijaa mpaka dirishani, maana shauri la mke halihitaji mbiu. Akakisoma cheti polepole, akanitazama, akakisoma tena.

"Huyu mume ni mtu wa Tanzania."

"Ni mimi, bwana."

"Wewe ni Mtanzania?"

"Hapana. Yaani ndiyo. Ni Mtanzania pale kwenye karatasi tu."

Dirisha lote likaangua kicheko.

"Sikiza, kijana," afisa akasema. Yeye hakucheka. "Ukiwa wewe ndiye mume wa mama huyu, basi wewe ni mgeni, na nataka kuona kibali chako cha kufanya kazi Homa Bay, maana kazi hizo sasa ni za wananchi. Ukiwa Mkenya, basi uliapa uongo kwa jirani zetu, na kosa hilo lina jela. Au pengine mtu huyu si wewe, ni mwingine mwenye jina kama lako. Mimi sikuwepo. Sema wewe."

Nilimtazama Anyango. Alikuwa amesimama kando ya baba yake, macho yake juu yangu, yametulia, kama mtu anayesubiri jambo ambalo halina shaka.

Na hapo yule mzee niliyemdharau akanihurumia! Akajongea, akasema kwa Dholuo, sauti ya chini: "Mwanangu, sema tu ni wewe. Hayo mengine ya ng'ombe tutazungumza."

Aliniita mwanangu.

Mimi nikafikiria nini? Nikafikiria kiti changu kiwandani. Nikafikiria nani atakikalia. Nikafikiria jela ya watu wasionijua. Kisha kinywa changu kikasema chenyewe:

"Bwana afisa, mtu huyo simjui."

Hapakuwa na kicheko tena. Mzee aliinamisha kichwa, kana kwamba aibu ilikuwa yake. Anyango hakulia. Alijifunga leso yake vizuri kiunoni.

"Baba, twende," akasema. "Huyu bwana ana haraka ya kurudi kazini."

Na kweli nilirudi kazini. Kiti changu nilikikuta. Lakini habari ilikuwa imetangulia kunifikia, na tangu siku hiyo pale kiwandani siitwi kwa jina langu. Naitwa Bwana Simjui. Nikiomba wino: "Wino wa nani? Simjui!" Wapagazi wanaoniita hivyo hawajui hata kuandika.

Mngedhani adhabu yangu ni hiyo. Mimi pia nilidhani hivyo, hadi majuzi, kaka yake Anyango alipokuja soko la Kosele kutafuta fahali. Alinikuta, akanisalimu kwa adabu inayochoma kuliko tusi.

"Shemeji," akasema, "au nikuite vipi? Kuna mwalimu mmoja, aliyefiwa na mkewe, anataka kumwoa dada. Ng'ombe wamefika. Dada amekubali. Kanisa limekataa, na ofisi imekataa. Wanasema ana mume daftarini."

"Waambieni hayupo!"

"Tumewaambia. Wakatutuma kijijini kwake. Kule hakuna anayemjua. Ofisi inasema mume aje mwenyewe aseme ukweli, au tulete cheti cha kifo."

Mnaona nilichofanya? Nilimfunga mwanamke kwa mtu asiyekuwepo, na asiyekuwepo hafi! Mimi nimebaki kapera huru, napiga pasi suruali zangu. Yeye ni mke wa kivuli, na ujana wake unapita akiwageuza omena juani.

Nikamwambia nimetubu. Nikamwambia nitaungama gazetini, nchi nzima isome.

"Kwa jina lako?"

"Hapana. Bila jina."

Alicheka kicheko kile kile cha siku ile nyumbani kwa baba yake. "Basi unaungama vile vile ulivyooa."

Akaenda kutafuta fahali wake.

Tangu hapo sijapata usingizi wa maana. Nimeomba ruhusa kazini bila kusema ninakwenda wapi. Jumatatu nitavuka, niingie katika ofisi ile niliyoapa, niwaambie jina langu, kwetu, na uongo wangu, niseme kwamba binti huyu hana kosa. Wakinifunga, wanifunge. Kiti cha kiwandani kitapata mtu. Anyango hajaahidi kunisamehe, na sijathubutu kumwomba.

Vijana wenzangu mnaopenda ng'ambo ya mpaka, oeni huko, hakuna dhambi. Lakini ukiulizwa wewe ni mtu wa wapi, sema. Ukiambiwa wewe ni mgeni, kubali ugeni, ngoja barua yako hata kama itatoka kwa adui yako. Waone wazee kwanza, hata wakikucheka, kwa maana siku ya shauri serikali itakuuliza swali, na mzee atakushika mkono. Na akija mtu kukuuliza mbele ya watu kama mwanamke yule ni wako, usianze kufikiria kiti chako. Mtazame yeye, kisha ujibu.