Kidole Kiooni

Fundi wa kompyuta hupangusa kila flashi kwa pindo la shati, kisha husoma kwa sauti, kidole kikigusa kioo, ukubwa wa kile anachotaka kufuta. Leo alikuwa akiandaa flashi moja ya kubeba mifumo endeshi mitatu, kwa programu huria isiyolipiwa, ili kompyuta ya mwalimu iwake tena. Diski ya mwalimu, yenye alama zote za mitihani, ilikuwa imechomekwa kando yake.

"Bonyeza basi, fundi! Unasoma kama karani wa mahakama," mwalimu akahimiza, bado amesimama karibu na kiti alichokikataa.

"Gigabaiti mia tano..." Kidole kikasita. "Mwalimu, flashi hii ni kumi na sita tu. Nusura nifute diski yako."

Akaichomoa, akamkabidhi. Mwalimu akaipakata kwa mikono miwili, roho ikamrudi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akakubali kiti.